Kura 54 zinashindwaje na 46?

Mhariri, habari za kazi. Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba Wamarekani wanapenda bunduki kuliko watoto wao, nikasema hii siiachi ipite, mi naishi Houston mwaka wa tisa sasa.

Tuanzie Sandy Hook, Connecticut, Desemba 2012. Kijana aliingia shule ya msingi akaua watoto 20 na watu wazima 6. Aprili iliyofuata muswada ukafika Seneti, na wala haukusema mtu anyang'anywe bunduki, ulitaka tu anayenunua kwenye maonyesho ya bunduki au kwa tangazo la intaneti akaguliwe rekodi zake kama anavyokaguliwa dukani, basi. Kura zikapigwa, ndiyo 54, hapana 46, muswada ukafa! Eti kule mambo kama haya hayasogei bila kura 60. Halafu kila jimbo maseneta wawili, Wyoming yenye watu wasiofika laki sita inalingana na California yenye milioni 39 hivi. Sa hapo unamlaumu mwananchi yupi?

Nina jirani, mzee wa hapa hapa Texas, bunduki zake za kuwindia kulungu kazirithi kwa baba yake na anazifungia kwenye kabati la chuma. Ukimgusia sheria anakuporomoshea Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya 1791 yanayolinda haki ya kumiliki bunduki, kama mtoto wa madrasa anavyosoma Fatiha. Ila nilipomuuliza kama mtu aliyewahi kufungwa kwa kumpiga mkewe auziwe bastola bila kukaguliwa, alinitolea macho, akasema we, haiwezekani. Na wa aina yake ni wengi, ndo maana nasema tusiwaweke wote kapu moja.

Uvalde, 2022, ni Texas hii hii. Muuaji alikuwa ndo katimiza miaka 18, kanunua bunduki kihalali kabisa, akaua watoto 19 na walimu 2 shuleni huku polisi wako koridoni zaidi ya saa nzima. Mwezi uliofuata Congress, yaani Bunge la Marekani, ikapitisha sheria kwamba wanunuzi wa chini ya miaka 21 wachunguzwe zaidi, kumbe wakitaka wanaweza. Lakini kwa sheria ya kitaifa umri wa kununua bunduki ndefu umebaki 18 pale pale.



Jumamosi moja binti yangu wa darasa la kwanza kazima taa sebuleni, kanivuta nyuma ya kochi, nikadhani ni kombolela. "Baba usicheke, atatusikia." Nani? "Mtu mbaya. Ticha kasema kwenye mazoezi ya kujificha tukinyamaza vizuri tunapata stika." Akanionyesha, kaibandika kwenye begi, nyota ya njano.

Msomaji wenu,
Houston, Texas