Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mkutano Mkuu, Lamu

Ndugu wanachama, walimu wenzangu, assalamu alaykum. Na wenzetu wa Mpeketoni na Witu, hamjambo, poleni na safari.

Katiba ya chama chetu cha walimu tusio na ajira inanitaka nisome taarifa ya mwaka mbele yenu. Nitaisoma yote, ila yale mnayoyajua nitayapitia mbio ili tupate muda wa yale mnayoyanong'ona barazani.

Januari tuliwaaga wanachama wanne wenye digrii walioingia unagenzi wa sekondari msingi, miongoni mwa wale 20,000 waliochukuliwa nchi nzima Gredi ya 9 ilipoanza. Machi tulikagua vyeti. Juni tulikodi boti ya kuwaleta wenzetu wa Faza na Kizingitini wakaguliwe vyeti vyao. Tulihani misiba miwili. Tulicheza mpira na walimu walioajiriwa tukafungwa tatu bila, na hilo halina haja ya maelezo.

Kazi ya vyeti naomba iandikwe vizuri kwenye kumbukumbu, maana tuliifanya mimi na katibu peke yetu, siku nne, huku wengine wakipita nje na kutuamkia. Tuligundua wanachama 11 ambao majina yao hayalingani. Mtu ni Swaleh kwenye kitambulisho, Saleh kwenye cheti cha KCPE, na Sualeh kwenye cheti cha chuo. Sisi tunamjua, na mama yake tunamjua. Lakini vyeti vikitandazwa mezani kwa mkaguzi, hapo wamekaa watu watatu, na kazi ni ya mmoja. Wote 11 tuliwaelekeza kwa wakili wakaapa kiapo cha majina. Tisa wamemaliza. Wawili bado wanasema herufi moja si kitu. Sina la kuwaambia zaidi ya nililowaambia.

Sasa nije kwenye ile barua niliyoiandika Mei kwa jina la chama, juu ya alama za kuajiriwa.

Wanachama wapya wanielewe kwanza, kwa sababu wapo wanaolalamika bila kujua tunachobishania. Mwalimu wa shule ya msingi anapoomba kazi kwa Tume ya Huduma za Walimu (TSC), hasailiwi kama mtu wa benki. Vyeti vyake huwekwa kwenye mizani. Kuna alama za masomo na daraja aliyopata chuoni, na kuna alama za miaka aliyokaa tangu kuhitimu. Zikijumlishwa, majina hupangwa kwenye orodha ya kaunti kutoka juu kwenda chini, na nafasi zikiwa 20 basi anachukuliwa wa kwanza mpaka wa ishirini. Wa 21 anarudi nyumbani na vyeti vyake ndani ya mfuko wa nailoni. Karatasi ya alama huja na kila tangazo la kazi na hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo anayekuja na karatasi ya miaka mitano nyuma akidai kuonewa hanisaidii. Na juu ya yote hayo kuna umri: ukishapita miaka 45, hata ukiwa na alama za kumwaga, mlango umefungwa.

Humo ndani mna mambo madogo yanayoua watu. Miaka huhesabiwa tangu kupata cheti, si tangu kuingia chuo. Ninao wanachama wawili walioingia chuo cha ualimu cha Shanzu siku moja na kulala bweni moja. Mmoja alirudishwa somo la hesabu, akalirudia, cheti chake kikatoka baadaye. Leo mwenzake amempita kwenye orodha kwa watu wengi, na wote wawili wana mvi.

Mwezi wa Mei tulipata habari kwamba kuna nafasi ya kupeleka maoni kwa maandishi juu ya jinsi alama zinavyogawanywa. Tulikuwa na siku sita. Niliandika barua ya kurasa mbili kwa jina la chama. Nilisema mambo mawili: kwamba miaka ya kusubiri iendelee kuwa na uzito mkubwa, na kwamba mwalimu aliyefundisha kwa mkataba wa BOM, yaani bodi ya shule, katika visiwa na maeneo ya mipakani apewe alama kwa jasho hilo. Nikatia sahihi, nikaipeleka.

Kwa barua hiyo nimeitwa dikteta. Nimeitwa mchoyo. Kuna aliyesema kwenye kundi letu la simu kwamba mwenyekiti amejiandikia barua ya ajira mwenyewe.

Nijibu hilo la mwisho kwanza. Ndiyo, nilimaliza chuo 2009. Ndiyo, nina miaka 43, na alama za miaka zinanifaa. Sikulificha, na mwaka wangu wa kuhitimu uko kwenye daftari la wanachama ambalo kila mtu ameliona. Lakini katika chama hiki wenye cheti cha P1, kile cha zamani cha ualimu wa msingi, cha kabla ya 2015 ni 41 kati ya wanachama 68. Mngetaka niwaandikie nani? Mwenyekiti hapimwi kwa kuwa hana faida yoyote katika jambo, maana hapo tungelazimika kumchagua muuza samaki.

Wanachama wetu vijana waliosoma diploma mpya, ile iliyoanza kuchukua wanafunzi 2021 baada ya P1 kufungwa, wana hoja, na sitasema hawana. Wanasema wao ndio waliofundishwa Mtaala wa Umilisi tangu siku ya kwanza, na kwamba ni ajabu mtoto wa Gredi ya 2 afundishwe na mtu aliyesomea mtaala wa zamani wa 8-4-4 eti kwa sababu alisubiri sana. Wanasema kusubiri si sifa ya kazi. Hili la mwisho lilinikaa, nikalitafakari usiku mzima.

Jibu langu ni hili. Tukisema daraja la cheti ndilo liwe kubwa kuliko yote, kila mwaka vyuo vitatoa kundi jipya lenye madaraja mazuri, na kila mwaka litatupita. Aliyemaliza na alama za wastani 2008 hatafikiwa kamwe. Atafika 46 akiwa bado anakodolea macho orodha. Lakini tukiipa miaka uzito, kijana wa leo atachelewa, na kuchelewa kwake kuna mwisho, kwa sababu kila mwaka unaopita unamwongezea alama. Yeye ana miaka 20 ya kuomba. Mimi nina miwili. Na kwa habari ya mtaala, mlango wa kuboresha P1 kuwa diploma upo, na wanachama saba wameshapita humo kwa gharama zao, wengine wakiuza mbuzi.

Kuhusu alama za BOM, huko sikubali kulaumiwa hata kidogo. Tunaye mwenzetu aliyefundisha upande wa Basuba wakati walimu walioajiriwa walikuwa wameondoka kwa hofu ya usalama wa msitu wa Boni. Alikuwa analipwa na wazazi, na mara nyingine alilipwa asali. Hiyo nayo isihesabiwe? Yule anayesema barua ilikuwa ya wazee, amwangalie huyo usoni: ana miaka 29.

Kosa langu nalikubali, na ni moja. Sikuituma barua kwenye kundi kabla ya kuipeleka. Siku hiyo bando lilikwisha, na nilipoweka jingine nilikuwa tayari niko Mokowe, ng'ambo ya bara, nimeshaikabidhi. Nauli ya Mokowe, kwenda na kurudi, nilitoa mfukoni mwangu na sijaidai. Mweka hazina ni shahidi.

Lakini mnaniuliza kwa nini sikuitisha mkutano. Niliitisha! Katiba inasema akidi ni theluthi moja, yaani watu 23. Mkutano wa Februari walikuja 19. Wa Aprili walikuja 12. Ule wa dharura wa Mei, wa kujadili barua hiyohiyo, walikuja tisa, na mmoja wao nina hakika aliingia kutafuta kivuli. Najua kusi ilikuwa imeanza na bahari ya Faza si ya kuchezea, na wale wa visiwani nawasamehe. Lakini wa Langoni na Mkomani wanakuja kwa miguu, dakika kumi, na ndio walioongoza kwa kelele kwenye simu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi sikulitunga hilo. Mkutano wa Septemba nao walikuja 14, tukanywa chai tukatawanyika. Leo nimehesabu 31, alhamdulillahi, na nafikiri mmekuja kunigombeza, lakini mmekuja.

Fedha. Ada ni shilingi 600 kwa mwaka, ambayo ni shilingi 50 kwa mwezi. Wanachama 68 wangelipa wote tungepata 40,800. Waliolipa kamili ni 23, waliolipa kidogokidogo ni 14 na wametoa 4,150 kwa jumla, na 31 hawajatoa hata ndururu. Tuliingia mwaka na 6,320, tukapokea 17,950, jumla 24,270. Tukatumia 7,500 kwa boti, 4,860 kwa saiba (duka la intaneti), nakala na uchapaji, 3,900 kwa viti, chai na mahamri, na 5,000 rambirambi. Zimebaki 3,010.

Niseme ukweli ambao katibu alinisihi nisiuseme. Katika wale 31, zaidi ya nusu ni wale wanaoipinga barua. Wameniambia wazi kwamba wamezuia ada mpaka barua ifutwe. Barua imeshapokelewa na kupigwa muhuri, sijui itafutwaje. Na nashangaa kidogo kwamba boti ya Juni, iliyokodiwa kwa ada za wale 23, ilibeba wasiolipa sita wakaenda kukaguliwa vyeti vyao, na mmoja wao alilalamika kwamba amelowa.

Mipango ya mwaka ujao. Insha'Allah tutajitahidi kupata mtu wa kutueleza karatasi ya alama mara tu tangazo la kazi litakapotoka, asubuhi hiyohiyo ikiwezekana, kabla mtandao wa saiba haujajaa. Tutatafuta njia ya kuwasaidia wenzetu wa visiwani kutuma maombi bila kuvuka bahari. Kuna wazo la mfuko wa kukopeshana ada ya kuboresha P1 kuwa diploma. Wazo ni zuri, pesa ndizo hazipo. Na kuna wazo la vijana kuandika barua yao wenyewe. Sina pingamizi. Wakiiandika vizuri nitaitia sahihi pia, nikiwa bado mwenyekiti.

Juu ya hilo la uenyekiti, ajenda namba saba ni uchaguzi. Nimesikia kuna majina mawili. Sitajipigia debe hapa. Nitawakumbusha tu kwamba nilipokabidhiwa chama hiki miaka mitatu iliyopita kilikuwa na wanachama 22, hakina daftari la fedha, na muhuri wake ulikuwa umepotelea kwenye droo ya mtu.

Nakala ya barua iko kwa katibu, kurasa mbili, imepigwa chapa. Anayetaka kuisoma kabla hatujafika ajenda namba saba aje mezani na shilingi 20 za kuinakili. Wanaotaka kulipa ada, mweka hazina amekaa mlangoni, upande wa kulia, na leo ana chenji.

Ni mimi, Mwenyekiti