YAH: MCHORO WA SOKO LA COVENT GARDEN MLIOUKATA PAMBIZO

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu ya kupokea kazi za kale mnayajua kuliko mimi, mmeyabandika wenyewe juu ya kaunta, kwa hiyo sitayarudia. Naandika kwa heshima. Naomba muipokee sasa hivi, maana sina hakika kama itafika mwisho wa barua.

Niliwaletea mchoro wa kale wa soko la Covent Garden, London, uliochapwa kwa bamba la shaba, muutie fremu. Mmenirudishia mchoro uliokatwa pande zote nne ili uenee kwenye fremu mliyokuwa nayo tayari, kisha mkaugandisha mgongo mzima kwenye kadibodi. Nilipouliza maandishi ya chini yako wapi, kijana wenu alivuta pipa la taka kwa mguu, akachomoa kipande kilichojikunja, akakiweka juu ya risiti yangu. "Si haya hapa? Karatasi tupu tu, mzee. Picha yenyewe ipo." Wateja waliokuwa nyuma yangu wakacheka.

Karatasi tupu! Katika pambizo hiyo ndimo yalimokuwa majina ya Pugin, aliyechora majengo, na Rowlandson, aliyejaza watu. Ndimo lilimokuwa jina la Ackermann, mchapishaji wa London, na mwaka 1808. Wachoraji wa Uingereza walipata sheria ya kulinda chapa zao mwaka 1735, na sheria hiyo ilitaka tarehe na jina la mwenye mali vionekane kwenye kila chapa. Mstari ule ni cheti cha kuzaliwa cha mchoro. Pamoja nao mmekata ule mbonyeo ulioachwa na bamba la shaba lilipokandamizwa kwenye karatasi, na mnunuzi anayejua kazi huanza kuutafuta huo kabla hata hajatazama picha.

Na picha yenyewe, ambayo eti ipo, haipo yote. Ni soko lililofurika watu siku za uchaguzi wa jimbo la Westminster, London, mbele ya nguzo za kanisa la St Paul, lile lililosanifiwa na Inigo Jones, lililoungua mwaka 1795 likajengwa upya. Utamu wake wote ni msongamano. Ninyi mmepunguza umati upande wa kulia kama mnaopunguza foleni.

Tena siku ya kupokea kazi, dada aliyenihudumia aliandika kwa mkono wake kwenye fomu: "Isikatwe." Nakala ninayo. Fundi wenu alisoma nini?

Narudia lile la kaunta, msije mkasema nakuza mambo. Alilivuta pipa kwa mguu. Hakuinuka kitini. Kipande kilikuwa na doa la chai, akalifuta kwa kidole gumba, juu ya mwaka 1808, akasema karatasi tupu. Msimamizi wenu alikuwa amesimama pale pale, ananitazama, na neno pekee alilotamka ni kuniuliza kama nitalipa taslimu.

Naomba mnirudishie gharama yote ya fremu. Naomba pia mlipie mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, nitakayemchagua mimi, aitoe kadibodi hiyo. Rangi zimepakwa kwa mkono, ni rangi za maji, hivyo asiguse mtu wa kwenu na kitambaa chake kibichi. Na kwa kuwa hata mtaalamu hawezi kuirudisha pambizo ilivyokuwa, mtanilipa thamani iliyopotea, kwa tathmini ya mthamini asiyewajua ninyi wala mimi. Msimamizi aniombe radhi kwa maandishi, si kwa simu.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Kadiri ninavyoandika naona 7 zinatosha. Zikipita kimya, fomu yenye neno "Isikatwe" na picha za mchoro zitakwenda kwa wakili wangu na kwa mamlaka ya kulinda walaji, siku hiyo hiyo. Wenye makusanyo ya michoro ninaowafahamu, ambao baadhi yao ni wateja wenu, nao watazipata.

Vipande vilivyobaki kwenye pipa visitupwe. Sasa ni ushahidi.

Aliyekuwa mteja wenu