Kuhusu ile sura yako ya nadharia saba

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, wahka ni kwako wewe na hiyo Ijumaa yako ya kuitetea kazi yako. Najua nimenyamaza wiki tatu na utanisema, ila sura ya nadharia uliyoituma, ya utafiti wako kuhusu TikTok na vijana, nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi. Nisamehe kimya kwanza, maana yanayofuata huenda usinisamehe.

Nadharia saba ndani ya kurasa kumi na mbili! Mshika mawili moja humponyoka, wewe umeshika saba. Kila moja umeigawia aya mbili: ya kwanza nani aliianzisha na mwaka gani, ya pili "mfano mzuri wa hili ni TikTok". Hujaitumia nadharia hapo, umeibandika kama stempu. Nadharia inayotumika inakuambia utazamie kuona nini, na usipokiona, imekwama. Ukiandika kwamba watu hutazama vichekesho kwa kuwa wanatafuta burudani, kisha ukaiita hiyo matumizi na uridhisho, ni kitu gani kingeweza kukukanusha? Futa aya hiyo yote.

Ningebaki na upangaji ajenda peke yake, yaani kwamba vyombo vya habari huwaelekeza watu waone mambo gani ni mazito. Ukurasa wa nne unasema "TikTok inapanga ajenda ya vijana". Sentensi tamu hiyo, lakini kumbuka McCombs na Shaw, watafiti walioianzisha nadharia hiyo, walifanya nini hasa. Uchaguzi wa Marekani wa 1968, mji wa Chapel Hill: waliwahoji wapigakura 100 ambao walikuwa bado hawajaamua wampe nani kura, wakawauliza mambo gani yanawashughulisha. Pembeni wakahesabu habari za magazeti, majarida na televisheni ambazo wakazi wale walizitegemea. Wakawa na orodha mbili, moja ya vyombo na moja ya wapigakura, kila moja imepangwa kuanzia zito hadi jepesi. Walipozilinganisha, uwiano ukapita 0.9, na 1 ndiyo kufanana kabisa. Makala ilitoka 1972. Orodha mbili, ndugu yangu. Wewe huna hata moja, una hisia.

Sasa njoo kwenye ugumu wenyewe, maana hapa ndipo sura yako ingenoga. Mhariri wa 1968 alipanga ukurasa wa mbele bila kumjua msomaji, na waliolinunua gazeti wote walikuta ukurasa ule ule. Kwenye TikTok kila mtu ana mapendekezo yake, na yanafuata alichotazama hadi mwisho, alichorudia na alichokipita. Kijana mpenda mpira ataletewa mpira. Umhoji, atakuambia mpira ndio habari ya mjini. Utapata uwiano mkubwa, utashangilia, kumbe umempima mtu na kivuli chake. Mzee wa takwimu atakuuliza kabla hujakaa kitini: nani alianza, kijana au algoriti, ile programu inayomchagulia video?

Dawa yake ni muda. Waulize washiriki mwanzoni kabisa, "Jambo gani kubwa kuliko yote linawakabili watu siku hizi?" Swali liwe wazi, bila majibu ya kuchagua, ukiwapa orodha, ajenda umeshawapangia wewe. Acha wiki nne zipite. Kusanya walichoonyeshwa katikati ya hizo wiki nne, kisha uliza swali lile lile kwa maneno yale yale. Kama video za katikati zinatabiri majibu ya pili hata ukishaondoa mchango wa majibu ya kwanza, hapo una cha kusema. Kama majibu ya kwanza ndiyo yanayozitabiri video, algoriti inamfuata mtu. Yote mawili ni matokeo, usikate tamaa ukipata la pili. Mimi ningelifurahia zaidi.

Kupata video zenyewe si kwa kuwauliza "huwa unaona nini?" Watu hawakumbuki, na wanaokumbuka hupamba. Kila mmoja aombe nakala ya data zake kupitia mipangilio ya akaunti, achague JSON, muundo wa faili ambao kompyuta huuchambua kwa urahisi, na aombe mapema kwa sababu faili haliji papo hapo. Afute sehemu ya ujumbe binafsi kabla ya kukupa. Historia ya utazamaji itakupa saa na kiungo, basi, mada hutaikuta. Lazima ufungue kiungo kimoja kimoja, na ukichelewa vingine vitakuwa vimekufa kwa sababu wenye video wamezifuta. Tena video iliyopitwa kwa sekunde moja nayo imo. Tazama tofauti ya muda kati ya mstari na mstari: ikiwa sekunde mbili, usiihesabu kama imetazamwa.

Kwenye usimbaji, yaani kuipa kila video jina la mada yake, ndipo wengi huumbuka. Watu wawili wasimbe asilimia 10 ya video bila kuonana, halafu usiniletee asilimia ya makubaliano pekee. Chukua video 100 ambazo 90 ni burudani: mtu akifumba macho akaandika "burudani" kila safari, atapatana na msimbaji makini mara 90, na hajatazama hata moja. Tumia alfa ya Krippendorff, kipimo kinachoondoa makubaliano ya kubahatisha, itamuumbua. Ikifika 0.80 endelea, ikiwa chini ya 0.667 rudi kwenye mwongozo wako, kuna maelezo ya mada mbili yanayoingiliana. Kwako naona "maisha" na "jamii". Tofauti yake ni nini? Hata mimi sijaiona.

Halafu huo mchezo wa redio wa Orson Welles wa 30 Oktoba 1938, ule wa viumbe wa Mirihi kuivamia dunia, uutoe ukurasa wa pili. Kwamba Marekani nzima ilitimua mbio ni chumvi ya magazeti, ambayo redio ilikuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara. Kura ya simu ya usiku ule kwa kaya 5,000 ilikuta kama asilimia 2 tu wakiusikiliza. Ukiutumia kuthibitisha nadharia ya sindano, kwamba vyombo huwadunga watu ujumbe nao wakautii, umejidunga mwenyewe.

Na ile nadharia ya ukimya ya Noelle-Neumann, kwamba anayejiona yuko upande wa wachache hunyamaza... siku nyingine. Ila kuhesabu maoni chini ya video hakupimi ukimya, maana walionyamaza hawamo. Yeye aliwauliza watu kama wangekubali kuzungumza na mgeni ndani ya behewa la treni, safari ya saa tano.

Nirudi kwenye swali la nani alianza, maana ndilo litakalokuliza Ijumaa. Una washiriki wangapi waliokwisha kutia saini? Wamejibu swali la mwanzo, au mmeruka moja kwa moja kwenye video? Msimamizi wako atakubali uombe wiki nne zaidi, au bado mmenuniana? Yule binti wa Mama Zuhura anaweza kuwa msimbaji wa pili, au ameshapata kazi? Na kwa nini, kwa jina la Mungu, umeweka picha ya McLuhan, yule mwananadharia wa vyombo vya habari, ukurasa wa kwanza na humtaji popote?

Nitumie mwongozo wa usimbaji Jumatano, hata kama haujakamilika.

Wako wa siku zote