Nisikilizwe kuhusu mwanangu

Mhariri,

Maofisa wa ustawi wa jamii walimchukua mwanangu wa miaka 6 akiwa bado na sare za shule. Kiatu chake kimoja kilibaki mlangoni, na hadi leo sijakiondoa. Ripoti yao inadai kwamba sitoi ushirikiano. Aliyeiandika alikaa kwangu dakika 10, wala hakumuuliza mtoto neno lolote! Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inataka wahusika wote wapewe nafasi ya kutoa maoni yao katika mashauri ya aina hii. Sikatai kuchunguzwa. Naomba nipewe ripoti nzima, niijibu mbele ya hakimu, na wakati huohuo niruhusiwe kumwona mwanangu.

Mzazi