Injini ya kuweka badala ya 2H

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wenye Land Cruiser za zamani, zile za injini ya dizeli iitwayo 2H, wasichague injini mbadala kwa kuangalia nguvu peke yake. Wengi huitamani 1HD-FTE, ambayo ina turbo na hupanda mlima bila kulalamika, lakini pampu yake ya dizeli huongozwa na kompyuta, hivyo mnunuzi atahitaji kompyuta hiyo, sensa zote na nyaya zilizo kamili, ilhali injini nyingi za mtumba hufika nyaya zikiwa zimekatwa. Injini nyingine, 1HZ, ya silinda 6 na lita 4.2, haina mbwembwe, ila fundi wa wilayani anaijua. Tofauti na 2H, ambayo hutumia gia kufungua na kufunga valvu kwa wakati wake, 1HZ hutumia mkanda wa taimingi kwa kazi hiyo, nao ubadilishwe kabla injini haijaingizwa, halafu kila kilomita 100,000.

Kabla ya kulipa, fungueni kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Moshi ukifoka, ringi za pistoni zimechoka, hata kama nje imepakwa rangi mpya (rangi ambayo mimi huitilia shaka). Nambari ya injini mpya nayo iandikishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), isije ikapishana na kadi ya gari.

Msomaji wako,
Arusha