Barua kwa mwanangu kabla andiko halijapelekwa

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwamba dirisha la mfadhili litafungwa Ijumaa saa 11 jioni, na kwamba andiko lako la kuomba fedha za utafiti bado hujalipeleka kwenye ofisi ya utafiti ya chuo. Habari hiyo imeninyima usingizi. Machoni pa mfadhili mwombaji ni chuo, nawe ni mtafiti mkuu tu. Fedha zikipatikana zitaingia katika akaunti ya chuo, kwa mkataba utakaotiwa saini na mwenye mamlaka hayo, ambaye hawezi kutia saini kitu asichokisoma.

Rasimu nimeisoma mara mbili. Ukurasa wa malengo umenifurahisha, kwa kuwa swali lako linaeleweka hata kwa asiye wa fani yako, jambo ambalo mimi sikuliweza katika umri wako. Hata hivyo, lengo la tatu linategemea la pili litoe matokeo unayoyatamani. Yasipotoka, lengo la tatu halina kazi, na umeliacha bila njia mbadala. Mtathmini ataliona hilo kabla ya kufika kwenye mbinu. Isitoshe, umesema mtahoji watu 600, lakini katika bajeti sikuona nauli wala posho ya mhoji hata mmoja. Anayesoma mbinu na bajeti kwa pamoja ataamini ama hujui kazi yenyewe, ama kuna mtu mwingine anayeilipia.

Je, ofisi imeiona bajeti hiyo? Gharama zisizo za moja kwa moja, yaani zile za kuendesha chuo kama umeme na ofisi, hazikisiwi. Chuo kina kiwango chake na mfadhili ana ukomo wake, na ukomo ukiwa chini, lazima chuo kikubali kwanza kulibeba pengo. Idhini ya namna hiyo haipatikani kwa siku moja, sawa na barua za washirika wako.

Usinijibu kwamba mfumo hupokea hadi dakika ya mwisho. Tume ya Ulaya hufunga kwa saa za Brussels, ilhali NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, hufuata saa za mahali ilipo taasisi inayoomba. Wewe umehakikisha saa 11 hiyo ni ya wapi? Kadhalika usipunguze herufi ili kurasa zitoshe, maana tabia hiyo ninaijua tangu ukiwa shuleni. NSF, mfuko wa sayansi wa Marekani, huruhusu kurasa 15 za maelezo ya mradi na ukubwa wa herufi huutaja wazi, na andiko linalokiuka linaweza kurudishwa bila kutathminiwa.

Mchwa wameingia katika kabati la chumba chako, kwa hiyo nimehamishia vitabu vyako sebuleni. Nyuma ya kabati nilikuta andiko langu la zamani, lile ambalo siku zote nimewaambia kwamba lilikosa fedha kwa sababu ya mhasibu. Muhuri wa mapokezi unaonyesha kwamba nilimpelekea asubuhi ya siku ya mwisho. Mama yako ameuona, naye hakusema neno.

Fundi wa kabati atakuja Alhamisi, hivyo nitashinda nyumbani. Andiko lako lipeleke ofisini kesho, hata kama muhtasari haujakuridhisha, kwani utaendelea kuurekebisha wakati wao wanakagua hesabu. Wakikurudishia bajeti nipigie, hata ikiwa ni usiku.

Baba yako