Ni komba tu, Mama

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa Jumanne niliusoma. Sikujibu, na najua uliona kwamba nimeusoma. Unasema wenye msumeno wako tayari, kwamba mwembe ukiondoka komba nao wataondoka na tutapumua sote, kwamba kilichobaki ni neno langu tu. Basi neno langu ni hili, na ni refu kuliko ulivyotaka, kwa sababu kwa simu sisi wawili hatufiki sentensi ya tatu bila mmoja kukata.

Kwanza nikupe haki yako. Wewe ndiye uliyebaki Gede. Miaka yote niliyokuwa Nairobi, wewe ndiye uliyelala chini ya yale mabati, komba wakitua saa nane za usiku kama mtu anayevurumisha nazi. Mchana kima, usiku komba, wanapokezana kama walinzi. Mipapai yako saba ulikuwa ukiihesabu kila jioni, na asubuhi unakuta lile papai lililobakiza siku moja limetobolewa, limechotwa ndani, mbegu zimemwagika mpaka mlangoni. Pipa la maji ya mvua likanuka mkojo. Hilo nalijua: komba hujikojolea viganja na nyayo kwa makusudi, akajipaka, na kila anaposhika panabaki na harufu yake. Halafu kile kilio. Mkeo alipokuwa na kichanga aliamka mara ngapi akimpapasa mwanawe gizani, kumbe mwana amelala na anayelia yuko juu ya mwembe? Sijawahi kukudharau kwa hayo. Mimi nisingevumilia hata mwezi.

Lakini Mjomba alivumilia, na yeye alikuwa na sababu kuliko wewe. Unakumbuka vibuyu vyake vya kugemea tembo la mnazi. Anapanda alfajiri, anakuta kibuyu kimeshuka nusu na manyoya yameganda mdomoni pake. Ile asubuhi tuliyomkuta yule dume chini ya mnazi, mkia umelala mchangani, macho nusu wazi, amelewa hajiwezi, wewe ukataka kumchokoa na kijiti. Mjomba akakushika mkono. Akavunja kuti, akamfunika nalo ili kunguru wasimwone, akasema huyo ni mtoza ushuru, akilevuka ataenda. Watu wote wanasema fulani kalewa kama komba. Sisi tulimwona huyo komba mwenyewe.

Unaniambia mimi ndiye niliyewazoesha. Ni kweli kwamba ile likizo ya Desemba mimi ndiye niliyeweka ndizi za kwanza kwenye lile jiwe la jikoni. Nilitaka Mama awaone karibu. Nilipowasha tochi macho yakawaka mekundu kama makaa mawili, halafu manne, na Mama akanikamata mkono kama msichana. Nimejifunza baadaye kwamba mnyama wa porini ukimlisha anapoteza woga, na woga wake ndio unaomlinda. Sikulijua hilo wakati ule. Na hata ningelijua, nikuulize: Baba alipokwisha kwenda, nani alikuwa akimtembelea Mama jioni? Wewe ulikuwa unarudi kutoka Malindi saa nne, umechoka, unakula, unalala. Mimi nilikuwa sauti ya simu siku za Jumapili. Komba walikuja kila siku, giza likiingia tu. Alikuwa anawawekea kiti chake barazani kama mtu anayesubiri wageni.

Sasa naifikia ile asubuhi ya Novemba, na sitaizunguka.

Alikuwa amelala ubavu chini ya mwembe. Jike, mkubwa kama paka mdogo, na ule mkia mzito mrefu kuliko mwili wake. Kiganja kimoja kilikuwa wazi, na kucha zake bapa kama zetu. Ndizi ilikuwa bado midomoni, na ndani ya ndizi punje za sumu, za rangi ya zambarau iliyopauka. Kuku wawili wa Mama walikuwa wamelala kando yake, maana walidonoa mabaki. Na tumboni pake, mdogo wangu, tumboni pake mtoto alikuwa hai. Amezaliwa si muda, kwa maana kule kwetu huzaa kuanzia Agosti mpaka Oktoba hivi, na mara nyingi mmoja tu. Amekamata manyoya kwa mikono yote miwili.

Mama alichuchumaa. Magoti yake unayajua yalivyokuwa. Akaanza kumbandua yule mtoto kidole kimoja kimoja, na kila akibandua kimoja, kingine kinarudi kushika. Wewe ulisimama na beleshi. Ukasema, "Ni komba tu, Mama."

Hakukujibu. Alivua kanga ya begani akamfunika yule jike, na mtoto akamtia kifuani.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na birika la chai mkononi. Sikusema kitu. Miaka miwili hii nimejiuliza kwa nini, na jibu ni kwamba mkeo alikuwa pale, na watoto, na nilikuwa mgeni wa siku tatu katika nyumba unayoilinda wewe. Ningekugombeza vipi? Ungesema nimekuja kutoka Nairobi kukufundisha. Ndivyo ulivyosema baadaye hata hivyo, kwamba mimi ni mtalii kwetu. Neno hilo limekaa. Mtalii hanunui mabati. Hayo mabati unayosema yanaharibiwa na matawi, risiti yake ninayo mimi. Na ada ya muhula wa pili. Na ile baiskeli, ambayo sijaisahau, lakini hiyo si ya hapa.

Mtoto aliishi siku nne. Mama alimnywesha maziwa kwa pamba. Aliniambia mkeo, wewe hukuniambia.

Sisemi kwamba hilo ndilo lililomuua Mama. Daktari aliandika presha, na nilikuwepo. Ninachosema ni kwamba kile kiti hakikuwekwa tena barazani kutazama mwembe. Kuanzia siku ile alikaa ndani, mlango umeegeshwa, mpaka Aprili.

Kwa hiyo ukiniandikia kwamba mwembe ukatwe, nasikia sauti ileile na beleshi lilelile. Ule ni mwembe wa ngowe alioupanda Baba. Na hautakusaidia. Ukiukata, komba hawatarudi Arabuko-Sokoke kwa sababu umewaonyesha njia. Msitu uko pale pale, magofu ya Gede yako pale pale na miti yake mikubwa, na wao hutoka huko na kurudi kama wanavyotaka. Mchana watatafuta mahali penye giza pa kulala, na mahali penye giza patakapobaki ni dari yako. Na usiku ndio wanaokula mapanzi na mende na nondo wanaokusumbua taani, maana chakula chao si matunda peke yake.

Kinachosaidia ni kidogo na cha kuchosha. Kata lile tawi moja linalogusa paa, na mengine yaliyo karibu yapogolewe mbali, kwa kuwa komba anaruka zaidi ya mita mbili bila kujitahidi. Ziba mapengo ya dari kwa waya wa kuku, lakini uzibe usiku wakiwa wametoka, na miezi ile ya kuzaa usizibe kabisa, usije ukamfungia mtoto ndani. Papai lichume likionyesha mstari mmoja tu wa manjano, likaivie uvunguni. Yanayobaki mtini yavishe gunia. Funika pipa. Kuku walale bandani na mlango ufungwe, kwani komba akipata kifaranga au yai haachi. Ndizi usiweke tena jiweni, wala zenye sumu wala zisizo na sumu. Na sumu, hata ukisahau yote niliyoyasema kuhusu Mama, kumbuka kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakukataza kumuua komba bila kibali, kama inavyokukataza kumuua ndovu. Sitakushtaki. Nakuambia ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Hayo yote nilikwambia mwaka ule. Ulisema ni rahisi kusema ukiwa mbali. Ndiyo, ni rahisi. Ningekuwa karibu ningepogoa mwenyewe. Lakini kama ningekuwa karibu, ada ingetoka wapi? Haya, nimeanza tena.

Nisikilize. Nakuja Ijumaa kwa basi la usiku. Nimenunua waya wa kuku mita kumi na misumari ya mabati. Waambie wenye msumeno wasubiri, kama umewalipa kitangulizi nitakurudishia. Tawi lile tutalikata wenyewe, wewe juu na mimi chini na kamba, kama tulivyokuwa tukiangua ngowe, na usinikemee nikiivuta kabla hujasema.

Kuna jambo jingine aliloniambia mkeo. Nilipanda basi mchana wa siku ile nikiamini Mama alimzika yule jike peke yake na magoti yale. Mkeo anasema hapana. Anasema mimi nilipotoka tu, ulichukua beleshi ukachimba nyuma ya choo cha zamani, ukachimba kwenda chini kuliko inavyohitajika ili mbwa wasifukue, na siku ya tano ukalifukua tena shimo hilohilo kwa ajili ya mtoto. Anasema hukuzungumza na mtu mpaka usiku.

Mbona hukuniambia?

Ijumaa nikifika, kabla ya chai, nionyeshe mahali penyewe.

Dada yako